Majira ya Baridi katika Utunzi wa Pushkin: Wakati, Kifungo na Hesabu ya Mhakiki

Tunapofika kwa mshairi wa Kirusi Aleksandr Pushkin (1799–1837) katika semina za fasihi linganishi, swali la kwanza kuzuka huwa la msamiati kabla halijawa la uhakiki. Majira anayoyarejelea mara kwa mara katika mashairi yake tuyaiteje kwa Kiswahili? Wapo wanaopendekeza neno kipupwe, na pendekezo lao lina mvuto kwa kuwa neno hilo ni letu na lina ladha ya ushairi. Hata hivyo, kipupwe cha pwani ni ile miezi ya Juni hadi Agosti ambapo joto hupungua, kusi huvuma, na wazee hujitanda shuka alfajiri. Hakuna mto unaoganda katika kipupwe. Kule Pskov, kaskazini-magharibi mwa Urusi, ambako Pushkin alitunga sehemu kubwa ya mashairi tunayoyajadili hapa, theluji hufunika ardhi kwa miezi kadhaa na mchana wa Desemba hauzidi saa saba hivi. Kwa sababu hiyo tutasema majira ya baridi, istilahi kavu isiyo na utamu, lakini isiyodanganya.

Suala hili la msamiati si dogo, kwani nyuma yake limejificha kosa la usomaji. Msomaji asiyeijua theluji huichukulia kuwa ishara ya huzuni au mauti popote anapoikuta, kisha husoma mashairi yote kwa ufunguo huo mmoja. Lipo kosa la pili, ambalo limekita mizizi zaidi na ndilo hasa linalotushughulisha. Ni ile kauli kwamba mfalme aliyemfungia Pushkin shambani kwa majira mawili ya baridi aliitendea fasihi hisani bila ya kukusudia. Kwamba upweke na theluji vilimkomaza kijana aliyekuwa akipoteza wakati katika kamari na dansi. Kauli hiyo tunaisikia hapa kwetu pia. Abdilatif Abdalla alifungwa miaka mitatu kuanzia 1969 kwa sababu ya kijikaratasi Kenya: Twendapi?, na mashairi aliyotunga gerezani yalichapishwa mwaka 1973 kama Sauti ya Dhiki. Sijui ni mara ngapi nimesoma insha ya mwanafunzi inayosema kwamba gereza ndilo lililompa sauti. Kisa cha Pushkin kinatupa nafasi ya kuipima kauli ya namna hii kwa utaratibu, kwa sababu kumbukumbu zake ni nyingi na tarehe zake zinajulikana karibu siku kwa siku. Tarehe tutakazozitaja ni za kalenda ya kale ya Urusi, ambayo katika karne ya 19 ilikuwa nyuma ya hii yetu kwa siku 12.

Pushkin aliondolewa jijini St. Petersburg mwaka 1820 kwa sababu ya mashairi yake ya kisiasa, akapelekwa kusini, Kishinev na baadaye Odessa. Mwaka 1824 barua yake moja, ambamo alitaja kwamba alikuwa akijifunza ukanaji Mungu, ilinaswa na wakuu. Akaachishwa kazi serikalini na kuamriwa kukaa Mikhailovskoye, shamba la upande wa mama yake katika jimbo la Pskov. Aliwasili huko tarehe 9 Agosti 1824. Baba yake alikubali jukumu la kumchunguza mwanawe kwa niaba ya serikali. Wakagombana vikali, na mwezi Novemba wazazi wakaondoka na kumwacha. Alibaki na yaya wake, Arina Rodionovna, na watwana wa shamba.

Wasomaji wa Kiafrika hupenda kukumbushwa kwamba shamba hilo lilitokana na ardhi ambayo Malkia Elizaveta alimpa mwaka 1742 Abram Gannibal, babu wa mama yake Pushkin, Mwafrika aliyeletwa kwa Tsar Peter kutoka Istanbul akiwa mtoto mwanzoni mwa karne ya 18. Kuhusu alikozaliwa wataalamu hawajaafikiana: mapokeo ya zamani yanataja Uhabeshi, ilhali Dieudonné Gnammankou wa Benin alitoa hoja katika miaka ya 1990 kwamba ni Logone, karibu na Ziwa Chad. Mjadala huo una nafasi yake. Kinachonigusa mimi ni jambo jingine, ambalo fahari yetu hulipita haraka. Mtu aliyeletwa Urusi kama mtumwa alipewa watwana wa kumlimia, na Arina Rodionovna, aliyezaliwa mwaka 1758, aliwahi kuwa mmoja wa watwana wa Gannibal huyo huyo. Katika nyumba ile ya mbao ukingoni mwa mto Sorot, basi, walikaa watu wawili wasio na ruhusa ya kwenda watakako: mmoja kwa amri ya mfalme, mwingine kwa kuzaliwa. Wahakiki hutaja kifungo cha mmoja tu.

Shairi la 1825 kuhusu jioni ya baridi linatokana na nyumba hiyo. Nje kuna dhoruba ambayo mara inalia kama mnyama na mara kama mtoto. Ndani yupo bibi kizee aliyenyamaza karibu na dirisha, na mshairi anayemsihi wanywe pamoja na amwimbie nyimbo za zamani. Mengi yamesemwa kuhusu sauti katika shairi hili. Ningependa tutazame wakati. Hakuna kinachotokea kuanzia mwanzo hadi mwisho. Maneno ya ufunguzi kuhusu dhoruba yanarudi mwishoni, na hali ya watu hao wawili haijabadilika. Mtunzi amejenga umbo la duara kwa sababu huo ndio wakati wa mfungwa, ambao hauhesabiki kwa matukio. Msomaji anayelichukulia kuwa shairi la faraja ya nyumbani hajakosea kabisa, ila ameisikia nusu yake. Mtu huomba kinywaji namna ile pale jioni inapokuwa ndefu kuliko uwezo wake wa kuistahimili.

Ni kweli kwamba jioni hizo zilizaa. Katika barua kwa ndugu yake mwishoni mwa 1824, Pushkin anaeleza jinsi anavyosikiliza hadithi za yaya na kwamba zinamfidia upungufu wa malezi yake, yaani malezi ya kitabaka yaliyomfundisha Kifaransa kabla ya mambo ya wananchi wenzake. Alizinakili kwa muhtasari katika daftari, na baadhi yake zikawa msingi wa ngano zake za kishairi za miaka ya 1830, ikiwemo ile ya Tsar Saltan ya 1831. Huko huko alikamilisha The Gypsies, akaendelea na sura za kati za riwaya ya kishairi Eugene Onegin, na tarehe 7 Novemba 1825 akamaliza tamthilia ya Boris Godunov. Hii ndiyo orodha inayotumiwa na wale wanaomshukuru mfalme.

Lakini orodha hiyo ni ya upande mmoja wa daftari. Tukitaka kuujua upande wa pili, tuanze na siku moja ambayo tunaifahamu kupitia kumbukumbu za Ivan Pushchin, rafiki aliyesoma naye katika shule ya Lyceum iliyofunguliwa Tsarskoye Selo mwaka 1811. Alfajiri ya tarehe 11 Januari 1825 Pushchin alifika Mikhailovskoye kwa sleji, yaani gari lisilo na magurudumu linaloburutwa na farasi juu ya theluji. Farasi walivamia ua kwa kasi, na Pushkin akatokea barazani akiwa na shati tu, miguu mitupu, mikono ameinyosha juu. Rafiki yake alimbeba hadi ndani asije akaganda. Walikaa pamoja siku nzima. Pushchin alikuwa ameleta nakala ya mkono ya tamthilia ya Griboyedov, Woe from Wit, ambayo wakaguzi wa serikali hawakuiruhusu ichapishwe, na Pushkin akawa anaisoma kwa sauti. Mara wakasikia mtu anakuja. Alikuwa mkuu wa monasteri ya jirani, mmoja wa waliokabidhiwa kazi ya kumwangalia mshairi. Haraka haraka Pushkin akafungua juu ya meza kitabu kikubwa cha maisha ya watakatifu. Mtawa akanywa chai yake, akaaga, na usomaji ukaendelea. Baada ya saa sita za usiku sleji ikaondoka. Marafiki hao hawakuonana tena maishani.

Kisa hiki kinachekesha kidogo, nacho kinatufunza mengi kuhusu maisha ya fasihi chini ya udhibiti kuliko sura nzima ya nadharia. Kazi kubwa ya wakati ule inasafiri kwa mkono, kwenye theluji, mfukoni mwa rafiki mwenye ujasiri. Hadhira yake siku hiyo ni mtu mmoja. Kitabu kilichoruhusiwa kipo mezani kwa ajili ya kuficha kisichoruhusiwa. Na mshairi anayesifiwa kwamba alineemeka kwa upweke anatoka nje pekupeku kwenye theluji kwa kusikia kengele za farasi tu. Mwaka huo huo aliomba aruhusiwe kwenda kutibiwa maradhi ya mishipa, akitumaini kwamba ruhusa hiyo ingemfikisha ng'ambo. Alijibiwa kwamba anaweza kutibiwa mjini Pskov. Mtu hatoroki penye hisani.

Kisha ikaja Desemba. Tsar Aleksandr wa Kwanza alifariki mwezi Novemba 1825, na tarehe 14 Desemba maofisa wenye fikra za mageuzi walisimama na vikosi vyao katika Uwanja wa Seneti jijini St. Petersburg, wakitaka katiba. Walitawanywa kwa mizinga kabla ya usiku kuingia. Pushchin alikuwa miongoni mwao. Pushkin, aliyekuwa mbali asijue lolote, aliandika tarehe 13 na 14 za mwezi huo utenzi mfupi wa dhihaka, Count Nulin, kuhusu bwana mmoja mpenda wanawake anayepigwa kofi. Yeye mwenyewe baadaye alilitaja sadfa hilo la tarehe kama jambo la kushangaza. Habari za maasi zilipomfikia, alizichoma kumbukumbu za maisha yake alizokuwa ameziandika kwa muda mrefu, kwa kuwa zilitaja majina ya watu ambao sasa wangeweza kuangamia kwa sababu ya karatasi.

Hapa ndipo hesabu ya mhakiki inapopaswa kubadilika. Tumezoea kuhesabu kile kilichoandikwa kifungoni kwa sababu kipo mbele yetu, kimechapishwa, kina tarehe. Kilichochomwa hakina wa kukitetea. Kumbukumbu zile, lau zingebaki, zingekuwa shahidi wa kizazi kizima kutoka kwa mtu aliyekijua kwa karibu. Pushkin mwenyewe alizijutia. Orodha inayoweka Boris Godunov upande mmoja na kuuacha upande wa pili mtupu ni hesabu ya mwenye duka asiyeandika madeni.

Katika siku hizo hizo, tarehe 4 Januari 1826, alianza sura ya tano ya Eugene Onegin. Nayo inafunguka kwa theluji. Majira yamechelewa, theluji imeanguka Januari, Tatiana anaamka na kuona kupitia dirisha ua umegeuka mweupe. Mkulima anafurahia njia mpya, mtoto anacheza na mbwa na kisleji chake huku vidole vimemganda. Ni miongoni mwa kurasa changamfu kuliko zote katika fasihi ya Kirusi. Wakati huo marafiki zake walikuwa wakikusanywa mmoja mmoja kupelekwa ngomeni, na yeye mwenyewe hakujua kama zamu yake ingefika. Yule anayesoma theluji kama alama ya mauti atakwama hapa. Nadhani ukurasa huu ni mgumu kuliko unavyoonekana: unatoa mfano wa mtunzi anayekataa kuyaachia matukio yaamue rangi ya beti zake. Uchangamfu wake una gharama, na gharama hiyo haionekani bila ya tarehe.

Watu watano walinyongwa Julai 1826, mmoja wao mshairi Kondraty Ryleyev. Katika miswada ya Pushkin ya mwaka huo michoro ya mti wa kunyongea inaonekana pembeni mwa beti. Mwezi Septemba tarishi wa serikali alimchukua usiku hadi Moscow, na tarehe 8 akasimamishwa mbele ya mfalme mpya, Nikolai wa Kwanza. Alipoulizwa angekuwa wapi siku ile ya Desemba kama angekuwa mjini, alijibu kwamba angekuwa pamoja na waasi. Mfalme alimwachia, akaahidi kwamba yeye binafsi ndiye atakayekuwa mkaguzi wa maandishi yake. Wengi walishangilia. Matokeo yake yalionekana mara moja: Nikolai alipendekeza Boris Godunov igeuzwe kuwa riwaya ya kihistoria kwa mtindo wa Walter Scott. Tamthilia iliyokamilika Novemba 1825 haikutoka mtamboni hadi mwisho wa 1830. Miaka mitano ya kungoja ni majira ya baridi ya aina yake, ingawa hakuna theluji ndani yake.

Tarehe 13 Desemba 1826, akiwa Pskov, siku moja kabla ya mwaka kutimia tangu maasi, Pushkin alitunga shairi fupi kwa Pushchin, akikumbuka kengele za sleji uani. Lilimfikia Pushchin huko Chita, Siberia, siku aliyowasili akiwa mfungwa mwanzoni mwa 1828. Kwa mujibu wa kumbukumbu zake mwenyewe, mke wa mfungwa mwenzake alilipenyeza kupitia ua wa miti uliozunguka gereza. Jazanda ya theluji sasa imebeba wakati: asubuhi moja ya Januari inatumwa Siberia kama zawadi, kwa mtu atakayekuwa na majira mengi ya baridi ya kuisomea.

Nitapita upesi juu ya miaka iliyofuata. Itoshe kusema kwamba Novemba 1829, akiwa shambani Pavlovskoye katika jimbo la Tver, alitunga mashairi mawili ya baridi kwa siku mbili zilizofuatana. La tarehe 2 ni la uchovu: siku haina kazi, kalamu haisogei, vina havitii. La tarehe 3 ni la jua juu ya theluji na mwaliko kwa mpenzi aamke atazame. Shamba lile lile, mtunzi yule yule, usiku mmoja tu kati yao. Sijui ushahidi bora zaidi dhidi ya wanaotaka majira yawe na maana moja.

Jambo jingine ambalo tarehe zinatuonyesha ni kwamba Pushkin wa miaka ya baadaye aliandika kwa wingi katika vuli ya Urusi, si katika baridi yenyewe. Mwaka 1830 alizuiwa Boldino na karantini ya kipindupindu kwa muda wa miezi mitatu kasoro, akatunga tamthilia fupi nne, hadithi tano za Belkin, sehemu za mwisho za Eugene Onegin na mashairi mengi. Shairi lake la kutisha kupita yote kuhusu dhoruba ya theluji, lile la mashetani wanaompoteza msafiri njiani, lina tarehe ya 7 Septemba 1830, kabla theluji haijaanguka. Dhoruba hiyo ilitoka katika kumbukumbu, na pengine katika hofu ya ndoa na umaskini vilivyokuwa vinamngoja. Katika shairi refu la 1833 kuhusu vuli anayapitia majira moja moja na kuungama kwamba theluji ya nusu mwaka humchosha hata dubu.

Baada ya ndoa yake Februari 1831, majira ya baridi yaligeuka kuwa msimu wa jiji: karamu za kifalme, mavazi ya mke, kodi ya nyumba. Mwisho wa 1833 mfalme alimpa cheo cha chini cha ikulu ambacho kwa kawaida walipewa vijana, naye alikuwa na miaka 34. Alikichukulia kuwa tusi, na shajara yake ya Januari 1834 haifichi hasira. Mwaka 1836 alianzisha jarida, Sovremennik, akitumaini kuishi kwa kalamu. Humo ndimo Gogol alimochapisha hadithi ya pua iliyotoroka, na humo ilitoka The Captain's Daughter. Toleo la kwanza lilipigwa chapa nakala 2,400; la nne 900. Anayejishughulisha na majarida ya fasihi katika vyuo vyetu hahitaji kufafanuliwa maana ya tarakimu hizo.

Katikati ya hayo, Septemba 1835, alirudi Mikhailovskoye kuandika, akamweleza mkewe kwa barua kwamba hawezi, kwa kuwa moyo wake haujatulia. Hata hivyo alitunga shairi moja lisilo na vina, tulivu kabisa, kuhusu miaka kumi iliyopita tangu akae pale kwa amri. Yaya hayupo, alifariki 1828. Misonobari mitatu aliyokuwa akiipita kwa farasi bado imesimama, na chini yake imeota michanga. Mtunzi anaisalimu hiyo michanga, akijua kwamba hataiona ikikomaa. Hakuna neno la kumshukuru aliyemfungia pale, wala la kumlaani. Kuna mtu anayehesabu miaka kwa urefu wa miti.

Tarehe 27 Januari 1837, nje ya St. Petersburg karibu na kijito cha Chernaya Rechka, Pushkin alipambana kwa bastola na ofisa Mfaransa, Georges d'Anthès, kwa sababu ya heshima ya mkewe. Theluji ilifika magotini. Ilibidi mashahidi waikanyage kwanza ili kupata njia ya hatua chache, na mipaka ikawekwa kwa makoti. Pushkin alikaa kwenye theluji akiwangoja wamalize. Alifariki tarehe 29, mwenye umri wa miaka 37. Serikali iliogopa umati, hivyo mwili ulisafirishwa usiku wa tarehe 3 Februari kwa sleji chini ya ulinzi wa askari, ukisindikizwa na Aleksandr Turgenev (asichanganywe na mwandishi wa riwaya), ambaye mwaka 1811 ndiye aliyesaidia mtoto Pushkin apokelewe Lyceum, na Nikita Kozlov, mtwana aliyemtumikia marehemu tangu utotoni.

Walifika Trigorskoye, shamba la jirani zake wa zamani, na alfajiri ya tarehe 6 wakamzika katika monasteri ya Svyatogorsk, ile ile iliyomtoa mtawa wa mwaka 1825, kando ya kaburi la mama yake. Binti mdogo wa nyumba hiyo ya Trigorskoye, aliyeyasimulia hayo uzeeni, alikumbuka kwamba ardhi iliganda kiasi cha kutochimbika. Watu walipasua barafu kwa mitaimbo, wakapata nafasi ya jeneza tu, wakalifunika kwa theluji. Liliachwa hivyo hadi theluji ilipoyeyuka, ndipo likatolewa na kuzikwa upya udongoni.